Alama za SAT Usizozituma: Mwongozo Kamili wa Kudhibiti Kinachofika Vyuo vya Marekani

Je, chuo cha Marekani kinaweza kuona alama za SAT, mtihani wa kuombea nafasi katika vyuo vya huko, ambazo wewe hukuzituma? Jibu fupi ni hapana. Chuo cha Marekani hakiwezi kuingia kwenye akaunti yako ya College Board, shirika linaloendesha SAT, na kuzichungulia. Kwa ACT, mtihani mwingine wa aina hiyo, ni hivyo hivyo. Alama hazitoki mpaka mwombaji mwenyewe aagize zitoke.

Hata hivyo, kila msimu wa maombi wapo wanaolalamika kwamba alama waliyotaka ibaki kwao imekutwa mezani kwa afisa udahili. Ukifuatilia, kwa kawaida chuo hakihusiki. Aliyeipeleka ni mwombaji, au shule yake, kupitia tundu ambalo hakuna aliyelikumbuka. Mwongozo huu unaziba matundu hayo kwa mpangilio wa muda, kuanzia siku ya kujisajili kwa mtihani mpaka baada ya maombi kutumwa.

Hofu yenyewe ina mizizi nyumbani. Tanzania, ukiandika namba yako ya mtihani wa kidato cha nne kwenye mfumo wa udahili wa chuo, matokeo ya NECTA yanajitokeza yenyewe. Kenya, KUCCPS huwapanga wanafunzi kwa matokeo ya KCSE yanayotoka KNEC, na mwanafunzi hatumi karatasi yoyote ya matokeo. Mtu aliyezoea mifumo hiyo anadhani na Marekani kuna ghala moja ambalo kila chuo kinachota. Halipo.

## Vitu vya kuandaa kabla hujaanza

- Akaunti yako ya College Board, na ya ACT kama uliufanya, pamoja na nywila zinazofanya kazi. Ukiwa ulijisajili kwa barua pepe ya shule, badilisha uweke yako binafsi kabla hujamaliza shule.
- Tarehe za kila mtihani uliofanya na alama za kila sehemu.
- Pasipoti, kwa ajili ya mpangilio wa majina.
- Akaunti ya Common App, fomu ya mtandaoni ya kuomba vyuo vingi kwa pamoja, ambayo kila mwaka hufungua msimu mpya tarehe 1 Agosti.
- Orodha ya vyuo unavyoomba, hata kama bado haijakamilika.
- Namba ya simu ya mwalimu anayeandaa nyaraka zako za shule. Wengi husahau hili, nalo lina hatua yake nzima hapa chini.
- Kadi ya benki au kadi pepe inayokubali malipo ya nje kwa dola.

## Hatua ya 1: Andika historia yako yote ya mitihani

Chukua karatasi moja. Andika kila mara uliyofanya SAT au ACT, tarehe, na alama za kila sehemu. SAT ya sasa ina sehemu mbili: Kusoma na Kuandika, kisha Hesabu, kila moja kuanzia 200 hadi 800, jumla kuanzia 400 hadi 1600. ACT inahesabiwa kuanzia 1 hadi 36.

Tuchukue mfano wa kubuni tutakaoutumia hadi mwisho. Mwombaji alifanya Oktoba akapata 610 Kusoma na Kuandika na 700 Hesabu, jumla 1310. Akarudia Desemba akapata 670 na 650, jumla 1320.

Kwa nini uandike? Kwa sababu maamuzi yote yanayofuata hufanywa kwa tarehe ya mtihani. Huwezi kutuma Hesabu ya Oktoba ukaficha Kusoma na Kuandika ya siku hiyo hiyo. Siku moja ya mtihani huenda nzima au haiendi kabisa.

Kuna wanaotoka chumba cha mtihani wakiwa wamevunjika moyo, wakakimbilia kufuta alama ndani ya siku chache zinazoruhusiwa, kabla hata hazijatoka. Mimi sioni faida yake. Alama ambayo hukuituma haionekani, kwa hiyo unafuta kitu ambacho tayari kimefichika, na ukishafuta hakirudi. Na mara nyingine siku mbaya ya Kusoma huwa ndiyo siku bora ya Hesabu.

Umefanikiwa ikiwa: unaweza kusema bila kufungua kompyuta ni tarehe ipi ina Hesabu yako bora na ipi ina Kusoma bora.

## Hatua ya 2: Panga vyuo vyako katika makundi manne

Hapa ndipo penye uzito, kwa hiyo usipite haraka. Swali la kujiuliza ni hili: kila chuo kinataka nini kutoka kwako?

Kundi la kwanza: vyuo visivyotazama alama kabisa. University of California, yenye kampasi kama Berkeley na Los Angeles, haitumii SAT wala ACT katika kuamua udahili, hata ukituma. California State University nayo ni hivyo. Kwa vyuo hivi usipoteze dola kutuma alama.

Kundi la pili: vyuo ambako alama ni hiari. Kwenye tovuti zao utakuta neno "test-optional". Columbia na University of Chicago wamo humu. Usipotuma, maombi yako husomwa bila alama. Ukituma, alama inakuwa sehemu ya faili.

Kundi la tatu: vyuo vinavyodai alama, lakini vinakuachia uchague tarehe. MIT ilirudisha sharti la mtihani mwaka 2022. Mwaka 2024 Dartmouth, Yale, Brown, Harvard na Caltech zikatangaza kurudi huko huko. Humu ndani kuna tofauti ndogo zenye maana kubwa kwetu. Dartmouth, kwa waombaji wanaosoma nje ya Marekani, inakubali pia matokeo ya A-Level, IB (mtaala wa kimataifa wa sekondari) au mtihani wa taifa wa hadhi hiyo badala ya SAT. Yale inakubali AP (mitihani ya College Board ya masomo ya ngazi ya chuo) au IB badala ya SAT, lakini ukichagua njia hiyo inataka matokeo ya masomo yote uliyokwisha kufanya, si yale mazuri peke yake.

Kundi la nne: vyuo vinavyotaka historia yote. Georgetown ndiyo mfano unaojulikana zaidi. Wanataka kila SAT na kila ACT uliyofanya.

Hapo kwenye kundi la nne watu huuliza: kama chuo hakioni, si nitume iliyo bora tu nikae kimya? Ni kweli College Board haitatoa tarehe nyingine bila idhini yako, hata kwa Georgetown. Lakini unapotuma maombi unathibitisha kwamba taarifa zako ni kamili na za kweli, na uongo ukigundulika nafasi inaweza kufutwa hata baada ya kukubaliwa. Mwalimu wako anajua ulifanya mara ngapi. Wenzako uliokaa nao chumba kimoja wanajua. Chuo kikidai zote, tuma zote, au kitoe kwenye orodha uombe kingine; vyuo vya Marekani vinahesabika kwa maelfu.

Tahadhari: sera hizi hubadilika mwaka hadi mwaka. Soma ukurasa wa udahili wa chuo chenyewe, sehemu ya waombaji wa mwaka wa kwanza na ile ya waombaji wa kimataifa, ukihakikisha mwaka uliotajwa ni wa msimu wako. Video ya miaka miwili iliyopita haikufai. Ukikwama, washauri wa EducationUSA, mtandao wa serikali ya Marekani wenye huduma Nairobi na Dar es Salaam, wanajibu maswali ya namna hii bila malipo.

Umefanikiwa ikiwa: mbele ya jina la kila chuo kuna namba 1, 2, 3 au 4.

## Hatua ya 3: Usijaze ovyo nafasi nne za bure

Hili ndilo tundu kubwa kuliko yote.

Unapojisajili kwa SAT, mfumo unakupa nafasi ya kutuma alama bure kwa vyuo vinne. Ofa hiyo hudumu mpaka siku 9 baada ya mtihani. Alama zenyewe huchukua takribani wiki mbili kutoka. Sasa piga hesabu: muda wa bure unaisha kabla hujajua umepata nini. Anayejaza vyuo vinne siku ya kujisajili ameagiza alama ziende popote zitakapoangukia, na zikishakwenda hazirudishwi.

Mwanafunzi anaona neno "bure", anajaza vyuo vya ndoto yake, anaendelea na maisha. Miezi mitatu baadaye anauliza chuo kilionaje alama yake ya kwanza.

Fanya hivi:

1. Wakati wa kujisajili, acha sehemu ya vyuo ikiwa tupu. Mfumo haukulazimishi kuijaza.
2. Kama umeshajaza, ingia kwenye akaunti kabla ya siku ya 9 uondoe.
3. Kwa ACT fanya hivyo hivyo. Nayo inatoa ripoti nne za bure, ila siku yake ya mwisho itazame kwenye akaunti yako ya ACT.

Najua dola si kitu cha kuchezea. Kutuma baadaye kunalipiwa kwa kila chuo, na msamaha wa ada wa College Board umewekwa kwa wanafunzi walio Marekani na raia wa Marekani walio nje, kwa hiyo wengi wetu hatuupati. Lakini kuna namna mbili za kuokoa hela bila kujianika. Kwanza, vyuo vingi siku hizi vinakubali uandike alama mwenyewe kwenye fomu ya maombi, na ripoti rasmi unatuma kwa chuo kimoja tu, kile utakachokwenda baada ya kukubaliwa. Pili, kama unaomba chuo cha kundi la nne, nafasi ya bure itumie huko: kitaona zote vyovyote vile, kwa hiyo hupotezi kitu.

Umefanikiwa ikiwa: siku ya 10 baada ya mtihani, orodha ya ripoti ulizoagiza ndani ya akaunti ni tupu, au ina vyuo ulivyoviweka kwa kukusudia.

## Hatua ya 4: Elewa barua pepe za vyuo zinatoka wapi

Wiki chache baada ya mtihani, kisanduku chako kinaweza kujaa barua za vyuo ambavyo hujawahi kuvisikia. "Tumevutiwa nawe!" Hapo watu hupata kiwewe wakidhani alama zimevuja.

Kilichotokea ni kwamba ulipojisajili uliweka alama ya kukubali huduma inayoitwa Student Search Service. Kupitia huduma hiyo vyuo hulipia orodha za majina ya wanafunzi kwa vigezo fulani: nchi, mwaka wa kumaliza shule, fani wanayoipenda, na ndiyo, hata upana wa alama. Chuo kinaweza kuomba majina ya wanafunzi walio ndani ya kiwango fulani. Hakipewi alama yako kamili, na orodha hiyo ni ya matangazo. Siyo ripoti ya alama inayoingia kwenye faili la udahili.

Ukitaka utulivu, ingia kwenye mipangilio ya akaunti ujiondoe. Ukitaka kubaki, baki. Mara chache hupatikana humo tangazo la ufadhili lenye maana. Ila usiichukulie barua hiyo kama dalili ya kukubaliwa. Wazazi wengi wamewahi kuwapigia ndugu simu kwa furaha kwa sababu ya barua ya matangazo.

Umefanikiwa ikiwa: unajua kama umo au haumo kwenye huduma hiyo, na barua hizo hazikunyimi usingizi.

## Hatua ya 5: Zungumza na shule yako mapema

Ukijaza namba ya shule yako wakati wa kujisajili, shule inaweza kupata alama zako. Hilo peke yake si tatizo. Tatizo ni kwamba shule hiyo hiyo ndiyo inayotuma transkripti (rekodi ya alama zako za shule) na barua ya mwalimu mshauri, na baadhi ya shule, hasa za kimataifa, huchapa alama za SAT kwenye transkripti kwa mazoea. Walimu wengine, kwa nia njema kabisa, huandika kwenye barua ya mapendekezo: "Alipata 1310 bila kwenda masomo ya ziada." Hapo siri imekwisha, na huwezi kujua, kwa sababu kwa kawaida waombaji hutia saini kuacha haki ya kusoma barua hizo.

Dawa ni kuomba kwa adabu kabla nyaraka hazijaandikwa. Ujumbe kama huu unatosha:

"Shikamoo mwalimu. Nashukuru kwa kukubali kuniandikia barua. Naomba jambo moja: vyuo kadhaa ninavyoomba nimeamua kutotuma alama za SAT. Tafadhali zisitajwe kwenye barua wala kwenye transkripti. Nimeambatisha orodha ya mambo mengine ambayo ningefurahi uyataje. Asante sana."

Hiyo sentensi ya orodha usiitoe. Mwalimu mwenye wanafunzi arobaini wa kuwaandikia akikosa la kusema, atachukua namba iliyo karibu.

Hapa pana mpaka mmoja usiuchanganye. Unayoweza kuchagua kutuma ni SAT na ACT. Matokeo ya mitihani ya taifa si ya kuchagua. Common App ina swali linalouliza kama katika mfumo wako wa elimu mwanafunzi hupanda kwa mtihani wa mwisho wa sekondari unaoendeshwa na baraza la mitihani. Aliyesoma chini ya NECTA au KNEC jibu lake ni ndiyo, na matokeo anayaandika. Na ukifikiria kuruka, kumbuka NECTA huyaweka matokeo mtandaoni kwa shule na namba ya mtahiniwa; mwenye namba yako anayasoma kama wewe unavyoyasoma.

Umefanikiwa ikiwa: una jibu la maandishi la mwalimu, na umeiona transkripti kabla haijapakiwa.

## Hatua ya 6: Amua chuo kipi kipate alama

Kwa kundi la 1, 3 na 4 uamuzi umeshafanywa na chuo. Kazi iko kundi la 2.

Tafuta mtandaoni jina la chuo pamoja na maneno "Common Data Set". Ni waraka ambao vyuo vingi huutoa kila mwaka kwa mpangilio mmoja. Nenda moja kwa moja sehemu ya C9. Utaona asilimia ya walioingia wakiwa wametuma alama, na alama za robo ya chini (robo ya waliotuma wako chini yake), katikati, na robo ya juu (robo wako juu yake).

Tuseme chuo kinaonyesha robo ya chini ni 1280 na robo ya juu ni 1420. Mwombaji wetu ana 1320 kwa siku moja, na kama chuo huchanganya sehemu bora kutoka tarehe tofauti, ana 670 ya Desemba na 700 ya Oktoba: 1370. Atume. Chuo kingine kinaonyesha 1490 hadi 1550. Huko akae kimya, aache matokeo ya shule yazungumze.

Kumbuka kwamba kwenye vyuo vya hiari namba hizo ni za waliotuma tu, na wenye alama ndogo hawakutuma, kwa hiyo zinaonekana kubwa kuliko hali halisi ya darasa. Ukiwa chini kidogo ya robo ya chini huku unatoka shule ambayo hakuna anayejua SAT ni nini, binafsi ningefikiria mara mbili kabla ya kuificha. Afisa udahili husoma alama akitazama na shule uliyotoka.

Angalia pia ufadhili. Baadhi ya vyuo hudahili bila alama lakini hugawa ufadhili wa ubora kwa kuzitazama. Kwa mwanafunzi anayehitaji msaada wa ada, hilo linaweza kugeuza uamuzi wote.

Umefanikiwa ikiwa: kila chuo cha kundi la 2 kina neno "tuma" au "usitume", na sababu yake mstari mmoja.

## Hatua ya 7: Jaza Common App bila kujianika

Sehemu ya mitihani kwenye Common App ni moja, nayo hutumika kwa vyuo vyote. Hapo ndipo mtego ulipo.

1. Fomu inauliza idadi ya alama unazotaka kuripoti, haiulizi idadi ya mitihani uliyofanya. Mwombaji wetu akitaka kuripoti moja, anaandika moja, na hajadanganya.
2. Swali la mitihani unayotarajia kufanya baadaye lijibu kwa makini. Ukiandika kwamba una mtihani Desemba, chuo kinajua upo, na kutokuona alama zake kunazua swali.
3. Nenda kwenye maswali ya kila chuo peke yake. Vyuo vya hiari vingi huuliza kama unataka alama zitumike. Jibu lako hapo lisipingane na ulichojaza kwenye sehemu ya mitihani.
4. Kama vyuo vyako vina maamuzi tofauti, tuma kwanza vile vya "tuma". Kisha rudi, ondoa alama, ndipo utume vya "usitume". Mabadiliko huathiri maombi ambayo bado hayajakwenda, si yaliyokwisha kwenda.
5. Kabla ya kutuma, mfumo hukuonyesha maombi yote katika PDF. Usibonyeze tu. Soma kila ukurasa.

Kwenye PDF hiyo usitafute sehemu ya mitihani peke yake. Tazama tuzo: "Mwanafunzi wa kwanza wa SAT shuleni, 1310." Tazama shughuli: "Nafundisha wenzangu SAT baada ya kupata 700 Hesabu." Tazama insha na maelezo ya ziada. Tazama wasifu uliopakia. Namba moja iliyosahaulika kwenye tuzo inafuta kazi yote ya hatua sita zilizopita.

Usaili nao ni hivyo. Anayekusaili, mara nyingi mhitimu wa chuo anayeishi mji wako, hana haja ya kujua alama zako. Akiuliza, jibu kwamba umeomba bila alama, mazungumzo yaendelee.

Umefanikiwa ikiwa: umetafuta neno "SAT" kwenye PDF na matokeo yanalingana na uamuzi wako kwa chuo hicho.

## Hatua ya 8: Tuma ripoti rasmi kwa vyuo vinavyoihitaji

Ndani ya akaunti ya College Board chagua kutuma alama, chagua chuo, kisha tumia Score Choice kuchagua tarehe. Usipochagua tarehe, zote zinaweza kwenda, kwa hiyo hakikisha ukurasa wa mwisho kabla ya malipo unaonyesha tarehe ulizokusudia.

Kwa mwombaji wetu, chuo kinachochanganya sehemu bora apeleke Oktoba na Desemba zote mbili. Chuo kitaona 1310 na 1320, lakini kitakachohesabu ni 1370. Watu huogopa kutuma tarehe mbili, na kwa woga huo wanapoteza alama 50. Kwa ACT, ukituma alama iliyochanganywa, huambatana na matokeo kamili ya kila tarehe iliyochangia. Jua hilo kabla hujalipa.

Majina. Hapa ndipo ripoti za Waafrika Mashariki hupotelea. Pasipoti ina majina matatu, SAT ulisajili mawili, Common App umeweka la babu mwanzo. Chuo kinapokea ripoti na kinashindwa kuioanisha na maombi, kisha kinakuandikia kwamba faili halijakamilika. Tumia mpangilio wa pasipoti kila mahali, na tarehe ile ile ya kuzaliwa.

Umefanikiwa ikiwa: baada ya siku kadhaa, ukurasa wako wa mwombaji kwenye tovuti ya chuo unaonyesha alama zimepokelewa. Usisubiri siku ya mwisho. Zinaweza kuchukua hadi wiki na zaidi.

## Mitihani ambayo kanuni zake ni tofauti

TOEFL, mtihani wa Kiingereza: kila ripoti inabeba alama za siku uliyochagua pamoja na alama bora za kila sehemu ndani ya miaka 2, zinazoitwa MyBest. Huziondoi. Habari njema ni kwamba hukupandisha, hazikushushi.

IELTS, nao wa Kiingereza: kila mtihani una fomu yake ya matokeo yenye namba. Chuo huhakiki fomu uliyoipeleka kwa namba hiyo.

AP: hapa mambo yamegeuka. Ripoti ya AP hubeba historia yako yote ya AP. Kuzuia somo moja lisiende kunahitaji ombi maalumu na ada.

GRE, kwa wanaoomba shahada ya uzamili: baada ya siku ya mtihani unaweza kuchagua kutuma ya karibuni, zote, au tarehe unayotaka.

## Kama alama imeshakwenda

Usiagize ripoti nyingine ukidhani itafuta ya kwanza. Haifuti.

Iandikie ofisi ya udahili barua pepe fupi: jina kama lilivyo kwenye maombi, tarehe ya kuzaliwa, namba ya mwombaji, na sentensi moja kwamba unaomba maombi yako yasomwe bila alama za mtihani. Vyuo vya hiari vingi vina utaratibu wa hilo, na baadhi vina kitufe chake kwenye ukurasa wa mwombaji. Angalia huko kwanza. Vingi huweka siku ya mwisho ya kubadilisha uamuzi, kwa hiyo andika wiki hiyo hiyo.

Ukikubaliwa katika chuo ulichoandika alama mwenyewe, chuo hicho kitataka ripoti rasmi kabla hujaanza masomo, na namba lazima zilingane hadi ya mwisho. Tuma tarehe zile zile ulizoziandika. Zile ulizoziacha zinabaki kwenye akaunti yako.